Bibiana na Maswali ya Figo

"Hivi ni kweli yule mgeni anakuuliza mambo ya figo za watu?"

Yusta alimwuliza Bibiana swali hilo bombani, hata shikamoo hajatoa. Wenye ndoo wote tukageuka. Bibiana akajibu ndiyo, anauliza, akajitwisha maji yake akaondoka. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Bibiana tunaye hapa Kisanga tangu aolewe. Ni mjane, analima mahindi na ufuta, na katika Umoja wa Mama kanisani ndiye anayetuongoza kuosha wanawake wenzetu wanapofariki. Mama yangu mzazi aliyemwosha ni yeye. Ana mikono ya taratibu, na huongea na marehemu kama anaogesha mtoto: haya geuka mama, sasa mkono huu.

Huyo mgeni ni Damiano, kijana wa kanisa anayetokea Mikumi kwa pikipiki. Yeye na wenzake wanatafsiri Maandiko kutoka Kiebrania kuja Kisagara, lugha yetu ya nyumbani. Kazi ya Bibiana ilikuwa kusikiliza. Anasomewa kipande, halafu anaulizwa amesikia nini. Kumbe Waebrania wa kale, pale sisi tunaposema Mungu anachunguza dhamiri, wao walisema anachunguza figo. Na neno lao la huruma linafanana na lile la tumbo la uzazi. Sasa Damiano alitaka kujua sisi tukihurumia au tukiumia, tunataja kiungo gani. Ni moyo, ni maini, au ni tumbo?

Haya nayajua leo. Wakati ule tulichoona ni kijana mwenye simu ya kunasa sauti, anauliza habari za figo na vizazi, na akiondoka anaacha kilo ya sukari. Na Bibiana hasemi. Damiano alimwomba asiyazungumze mpaka wasikilizaji wengine nao waulizwe, wasije wakajibu kwa kumfuata yeye. Bibiana akiahidi ameahidi. Ukimwuliza anakwambia ni kazi ya Mungu, mtaisikia. Mtu akikujibu hivyo, utatulia?

Basi watu wakaunganisha wenyewe. Anaosha maiti. Anaulizwa figo. Sukari haimwishii. Neno mumiani hakuna aliyelitamka mbele yake, lakini watoto walianza kuitwa ndani akipita, na bombani mmoja wetu akasema, "Shikeni maini yenu, mwenyewe anakuja." Tulicheka, ila ndoo tulisogeza.

Mwishowe, wasikilizaji wote walipomaliza kuulizwa, Damiano alisimama kanisani akaeleza kila kitu. Nilikaa nyuma ya Yusta. Nikamsikia akimnong'oneza jirani yake, "Kwani mumiani atakwambia yeye ni mumiani?"

Haukupita muda mrefu, mama yake Yusta, bibi Filomena, akafariki. Huyo na Bibiana walikuwa wamepakana mashamba, wakisaidiana kupalilia miaka yote, na mwenyewe alikwisha kusema wazi kwamba siku yake ikifika ataoshwa na Bibiana. Maji yalikuwa tayari, nguo ya kumvika imekunjwa juu ya kiti. Bibiana akaja na sabuni yake na kanga kama kawaida. Yusta akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama," akasema. Siku hiyo shikamoo aliikumbuka. "Leo wewe pumzika tu. Wapo watakaomwosha."

"Marahaba, mwanangu."

Sisi tuliokuwa pale tukatazama chini. Hakuna aliyemtetea, maana hakuna aliyekuwa na uhakika. Bibiana alisimama amebana kiganja tumboni, chini kidogo ya mbavu, na baadaye Damiano aliniambia ni pale pale alipomwonyesha siku alipoulizwa uchungu unakaa wapi. Kisha akamkabidhi Yusta ile sabuni, akasema:

"Naomba uniache nimwoshe mama yako. Ingia na mimi, wewe ndiye unimiminie maji, na unitazame mikono mpaka mwisho."