Radhi za Safari ya Gharnata

Mimi ni mtu wa hasira na sijawahi kuificha. Dada yangu, aliyenilea, alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nimekunja uso. Kwa hiyo nikisema kwamba nina hasira na kaka yangu, na daktari, na nafsi yangu zaidi ya wote, wanaonijua hawatashangaa. Ila hasira hii imekataa kupoa, na nimeona afadhali niiandike.

Dada ndiye mkubwa wetu. Alikuja Oman kutoka Unguja akiwa msichana wa miaka kumi na moja. Mimi nilizaliwa baadaye, hapa Nizwa, na mama yetu alipofariki sijaanza skuli, dada ndiye aliyekuwa akinisuka nywele na kunifundisha kusema shikamoo. Alisomesha watoto wadogo katika mji jirani wa Al Hamra kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika kitabu kimoja cha skuli mlikuwa na picha ya kasri la Waislamu wa zamani huko Hispania, katika mji ambao sisi tunauita Gharnata. Kasri lenyewe lina nguzo nyembamba, na katikati ya ua pana hodhi la maji. Watoto walikuwa wakimwuliza maji yale yanatoka wapi, kama nao wana falaji, mfereji wa kuteremshia maji kutoka mlimani, kama wa kwao. Hakujua. Akawa anawajibu kwamba ipo siku atakwenda kuangalia, halafu atawaambia. Wale watoto sasa wana watoto wao.

Mwaka juzi, joto lilipoanza kupungua, alianza kulalamika tumbo. Tulimpeleka Maskati, mimi na kaka. Kaka ni wa pili kuzaliwa, anakaa Sur na anauza vifaa vya ujenzi. Amezoea kuamua. Daktari alimwita yeye pembeni, ukumbini, nami nikawafuata bila ya kuitwa. Tukaambiwa ni saratani, imeshatapakaa, hapana cha kukata, na kama atafika majira ya joto itakuwa ni rehema ya Mungu.

Kaka akasema palepale, "Asiambiwe. Akijua atavunjika."

Daktari akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeyasikia maneno hayo tangu asubuhi. Kwetu ndivyo ilivyo. Mgonjwa haambiwi. Shangazi yetu alikufa akiamini ana gesi tumboni, na sisi sote tulikuwa tukimpelekea maji ya tangawizi tukiwa na nyuso za makini. Sikuwahi kuliona kosa. Niliiita huruma.

Tulipoingia garini dada akauliza, "Wamesemaje?"

Kaka akawasha gari, akatazama njia. Kuamua anajua, kusema uongo kunamshinda. Nikasema mimi, "Damu yako imepungua, dada. Utapewa dawa, na ukipata nguvu utaweza hata kusafiri."

Sijui neno kusafiri lilitoka wapi. Lilikuja tu, na dada akakaa nalo mpaka tulipokwisha kupita mji wa Fanja. Kisha akasema, "Basi nipeleke Gharnata."

Kaka alinitazama kwenye kioo. Nikasema, "Nitakupeleka."

Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Ulaya. Safari zetu zilikuwa Umra, Dubai, na Unguja kuzika. Dada alinunua daftari la skuli, akaanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na bibi yetu. Safari ingekuwa ya siku tano, mbili za njiani na tatu za kutembea. Alitaka kujua tutasali wapi, nikamtafutia msikiti mdogo ulio juu ya kilima kinachotazamana na kasri, akataka kujua kutoka hotelini ni mwendo gani kwa miguu. Nikamwambia tutachukua teksi. Akaniambia nisimfanye mzee. Aliandika kwamba tubebe mikate ya ajemi ya kukausha na samli kidogo, maana hatujui Wahispania wanapikia nini, na akaandika pia kwamba nibebe subira, kwa sababu ananijua.

Kasri lile huingii ovyo. Unanunua tiketi mapema kwa jina lako na nambari ya pasipoti, na unapangiwa saa. Yetu ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa kumi na nusu. Ukichelewa, umeshafungiwa mlango. Hilo lilimfurahisha dada, aliyekuwa akiwafungia wanafunzi wake vilevile.

Nilidhani atachoka kwenye viza. Wapi. Alikwenda Maskati, akakaa foleni, na ilipofika zamu yake mashine ikakataa kuzisoma alama za vidole vyake. Ngozi ilikuwa imekauka na kusinyaa. Yule binti wa dirishani akampa mafuta apake, akabonyeza tena na tena, hata mashine ikakubali. Pasipoti iliporudi na viza ndani, dada aliitazama picha yake mpya kwa muda.

"Huyu nani?" akauliza, halafu akacheka. Nami nikacheka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko changu kile naona aibu.

Ijumaa tulikuwa tukienda Birkat al Mauz kufanya mazoezi, maana Gharnata ina vilima na barabara za mawe. Alivaa viatu vipya vya raba, vyeupe, chini ya buibui, akatembea kando ya falaji katikati ya migomba. Ijumaa ya kwanza tulifika mpaka maji yanapoingilia mashambani. Ya pili tukafika nusu. Ya tatu alikaa ukingoni akatia mkono majini, na nikaona bangili yake imepanda mpaka karibu na kiwiko.

"Huko Gharnata kuna pa kukaa?" akaniuliza.

"Viti vipo kila pahala," nikamjibu, na sikuwa na habari yoyote ya viti.

Jambo la kutisha ni kwamba nilianza kuamini. Nilikuwa nikifika ofisini kwangu Izki asubuhi, kabla ya kufungua faili lolote, naangalia hali ya hewa ya Gharnata. Niliwaza kama tubebe makoti mazito. Niliona tukisimama mbele ya lile hodhi, dada akiinama kutafuta mfereji ulipo. Nilimwambia kaka kwa simu kwamba labda daktari amekosea. Naye, maskini, akasema labda.

Kisha dada akaanza kuomba radhi.

Kwetu, zamani, mtu hakutoka safari ya mbali bila ya kuwazungukia watu wake. Unakwenda kwa kila mtu, unamwambia kama nimekusema, kama nimekula chako, kama nimekuudhi, nisamehe, maana sijui kama nitarudi. Naye anakusamehe, anakuomba umsamehe, mnaagana. Siku hizi, kwa hizi ndege, tumebaki kufanya hivyo kwa Hija tu. Dada akaanza na majirani. Wakamcheka kwa upole. Mmoja akamwambia, "Siku tano tu, bibi, na unaaga kama unakwenda Makka?" Akamjibu kwamba ndege ni ndege. Nikampeleka Al Hamra kwa walimu wenziwe waliostaafu. Kaka akaja kutoka Sur, wakajifungia chumbani, akatoka anafuta macho, akaniambia, "Dada bwana, safari ya siku tano," akajaribu kutabasamu.

Halafu akasema nimpeleke Ibra.

Ibra anakaa mke mwenziwe. Marehemu shemeji yangu, mume wa dada, alioa mke wa pili huko, na siku ya matanga yake wake wawili wale walitukanana mbele za watu, maneno ambayo siwezi kuyaandika. Hawakusemezana tena. Watoto wa yule mwanamke waliolewa, wakazaa, na dada hakutia mguu. Sasa alikaa pembeni yangu garini na viatu vyake vya raba, kutoka Nizwa mpaka Ibra.

Aliniambia nimsubiri nje. Nilimsubiri karibu saa nzima, gari inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Mlango ulipofunguliwa, yule mke mwenziwe alikuwa amemshika dada kiwiko, anamtembeza taratibu kama bibi harusi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimfungulia mlango wa gari, akamvuta buibui lisibanwe, akaufunga. Hakuna aliyenambia kitu.

Tulipopita mji wa Sinaw, njiani kurudi, nikaona wivu. Ndiyo, wivu. Mwanamke aliyemtukana dada yangu alipewa saa nzima ya kusameheana, na mimi niliyemwogesha asubuhi ile sikupewa chochote. Nikasema kwa mzaha, "Na mimi je, dada? Ulimwengu mzima ushauaga. Mimi huniagi?"

Kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha. Akakigeuza. "N'kuage wewe, n'na wazimu? Mtu humwagi anayekwenda naye. Wewe si tunakwenda sote?"

Akanitazama, akangoja. Nakumbuka kabisa kwamba alingoja. Mbele yetu palikuwa na lori la mbuzi linakwenda mwendo wa kinyonga, na mimi nikajifanya nashughulika namna ya kulipita. Nikatia ishara, nikatazama kioo, nikalipita, na lilipobaki nyuma sana ndipo nikajibu.

"Sote, inshallah," nikasema.

Akarudisha kichwa dirishani.

Alifariki wiki tatu kabla ya ile Jumanne, asubuhi, katika hospitali ya Nizwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa na nafuu. Mimi nilikuwa nimekwenda Izki mara moja kutiliwa saini karatasi yangu ya likizo, likizo ya safari. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa akinitakia safari njema simu ilipolia. Tulimzika kabla ya Alasiri. Karatasi ile niliikuta mkobani siku ya pili, imekunjwa vizuri, imeshapigwa mhuri.

Siku za aza, siku za matanga, wanawake walijaa nyumbani, nami nikazunguka na kahawa. Kila niliyemmiminia alikuwa na habari ileile. Alikuja kwangu. Alinipigia simu. Tulisameheana, alhamdulillahi, nimemridhia na ameniridhia. Walisema kwa furaha ile ya huzuni ya watu waliowahi kumaliza jambo lao. Kaka, upande wa wanaume, alikuwa akimwambia kila mtu kwamba anamshukuru Mungu dada hakujua, alikwenda na furaha ya safari yake.

Siku ya tatu alikuja mke mwenziwe kutoka Ibra. Akakaa chini karibu na mlango, akanishika mkono, akanikalisha.

"Mwanangu," akaniambia, "siku ile alonijia alinambia, n'nakufa, nataka tusameheane. N'kamuuliza, na hiyo safari yenu ya Ulaya? Akanambia, hiyo ya mdogo wangu. Kaishikilia, usiku na mchana yeye na hiyo safari. Wananificha, na mimi nawaficha wao. Mdogo wangu akijua kama n'najua, atavunjika."

Nilikaa na birika mkononi. Nadhani alitegemea nilie. Sikulia, niliona hasira ya kutaka kuvunja vikombe. Dada yangu alitembea kando ya falaji mpaka akashindwa kuendelea, alibonyeza vidole vyake vilivyokauka kwenye mashine, akaandika samli na mikate, ili mimi niwe na kitu cha kufanya. Niliyedhani namdanganya alikuwa akinilea.

Nilikwenda kwa kaka nikamwambia, "Alijua." Hakuuliza nimejuaje. Alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa, kisha akasema, "Basi siku ile chumbani aliniaga kweli." Na nilimwona, katikati ya msiba wake, ametulia kidogo. Sikuweza kumsamehe utulivu ule.

Jumanne ilipofika niliomba ruhusa kazini, nikakaa chumbani kwake. Nilingoja saa kumi na nusu ya Gharnata, ambayo kwetu ni jua limeshazama. Sikujua nafanya nini. Daftari lilikuwepo na viatu vilikuwepo, soli zake bado zina udongo wa Birkat al Mauz. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Aliandika majina ya wote aliowaomba radhi, majirani, walimu, kaka, mke mwenziwe, na kila jina kalitia alama kama anayesahihisha kazi za watoto. Jina langu halimo. Nililitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, ingawa nilijua halimo.

Watu wananiambia mama hana haja ya kumwomba radhi mwana, na yeye alikuwa mama yangu, niache kujitesa. Hawakuwemo garini. Mimi nilikuwemo, na niliona namna alivyogeuza kichwa akaniuliza kama tunakwenda sote, akangoja mpaka lori la mbuzi likabaki nyuma. Alinifungulia mlango. Nilitakiwa kusema neno moja tu: siendi. Siendi, dada, safari hii unakwenda peke yako.

Angeniaga.