Mwalimu wa Maji wa Kinyinya

Nilikuwa navaa soksi za shule mama aliposimama mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu wako wa maji amekwenda." Ninyi mnaosoma ukurasa huu wa jarida letu la shule mnanijua: mimi si mtu wa kulia mbele za watu, wala wa kusema mbele za watu. Nilimaliza kuvaa soksi. Mzee aliugua mapafu muda mrefu, na siku za mwisho kila pumzi aliivuta kama mtu anayepandisha gunia mlimani. Kwa hiyo, niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Amepumzika. Cha pili kilikuwa woga, na huo ndio niliokaa nao mpaka tukamzika.

Hakuwa mwalimu wa shule yetu. Alikuwa jirani, Mnyarwanda aliyekulia Tanzania na kufundisha kemia huko hadi akastaafu, kisha yeye na mkewe wakaja kujenga nyumba ndogo hapa Kinyinya, jijini Kigali, ambako kila kiwanja kina ujenzi na kila nyumba iliyokwisha ina geti. Jumamosi alitukusanya uani kwake, watoto wa mtaa, akatufundisha kwa Kiswahili yale tuliyoyakariri kwa Kiingereza bila kuyaelewa. Mimi nilipelekwa na kifungo cha haidrojeni. Darasani nilikuwa nimeandika kwamba ni kile kinachozishikanisha haidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli ya maji, nikachorwa alama nyekundu ya kosa karatasi nzima, na kuuliza nikaona haya.

Mzee hakuchora kitu. Alitusimamisha. "Kichwa chako ni oksijeni," alisema, "mikono yako miwili ni haidrojeni." Mvulana mmoja mchokozi akadakia, "Na miguu, Mwalimu?" "Miguu ni ya kukukimbiza ukifeli." Tukacheka. Akaeleza kwamba oksijeni na haidrojeni hutumia elektroni kwa pamoja, lakini oksijeni ni kama mtu anayekula sinia moja na wenzake huku akilivuta taratibu upande wake. Ndiyo maana upande wa oksijeni huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chanya kidogo. Sasa haidrojeni ya molekuli moja, ikiwa imepunjwa kwake, huvutwa na oksijeni ya jirani. "Wekeni mkono begani kwa mwenzenu. Hicho ndicho kifungo cha haidrojeni. Si mkono na kiwiliwili chako, ni mkono wako na bega la jirani!" Mimi nilibaki nimekunja mikono. Akanitazama. "Weka, binti. Hakuna anayekuoa hapa." Nikaweka, masikio yakiwaka moto.

Kisha akagonga sufuria. "Nawachemsha!" Tukarukaruka, tukaachana. "Nini kimetokea?" Yule mchokozi akajibu, "Haidrojeni imeachana na oksijeni!" Mzee akamwendea. "Mkono wako uko wapi?" "Iko hapa, Mwalimu." "Haujang'oka?" "Oya, hapana!" "Basi umeachia bega la jirani tu, ukawa mvuke. Ingekuwa kama usemavyo, kila mama anayechemsha chai Kinyinya angelipua jiko." Alipotaka barafu, alituambia tunyooshe mikono na kila mmoja atulie mahali pake, na ghafla uani hapakututosha, tulienea mpaka kwenye bustani ya mkewe ya mchicha, ambao hapa tunauita dodo. Ndivyo nilivyojua kwa nini barafu huelea, na kwa nini chupa iliyojaa maji hupasuka kwenye friza. Mke wake alitoka jikoni akipiga kelele, "Wewe mzee, barafu lako linakanyaga dodo zangu!" Mzee alicheka hadi akakohoa. Kabla hatujaondoka alisema jambo ambalo siku ile nililiandika kwa ajili ya mtihani tu: kifungo kimoja cha haidrojeni ni dhaifu, hukatika na kushikwa tena kabla hujapepesa jicho, lakini ni vingi mno. Bila hivyo, maji ya Kigali yote yangekuwa hewa.

Sasa niwaambie woga wangu. Mtoto wao wa pekee yuko mbali na hakuweza kufika. Ndugu wako Tanzania. Siku ya msiba nilimsikia mkewe akimwambia mama, "Agiza viti vichache tu. Sisi hapa hatuna watu. Nikishamzika nitarudi zangu Tanzania, maana mimi nani atanizika?" Mimi najua kukaa kwenye benchi ambalo upande wa pili hakuna mtu, kwa hiyo niliiona kichwani turubai ya msiba, viti vitupu, na yule mama peke yake mbele, na nilishindwa kula.

Lakini siku ya mazishi watu wakaja. Kwanza dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, aliyekuwa akimpeleka Mzee hospitali. Kisha mama anayeuza parachichi Remera. Kisha fundi cherehani kutoka Nyamirambo, mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe, ambaye alikuwa akimpunguzia suruali kiuno kila alipozidi kukonda. Kisha wazazi wa wale watoto wa Jumamosi, kisha mafundi ujenzi wa jirani, buti zao zina saruji. Hawakujuana. Kila mmoja alidhani anakuja kujaza kiti kitupu. Viti vilipokwisha, mafundi walivuka barabara, wakaleta mbao wakazilaza juu ya matofali, watu wakakaa.

Tuliporudi kutoka makaburini, nilipewa jagi niwamiminie watu maji, ile desturi yetu ya gukaraba, kunawa mikono baada ya mazishi. Nilimuuliza fundi mmoja, huku nikitazama beseni, alimjuaje Mzee. "Alitusalimia." "Tu?" "Tu. Lakini kila asubuhi, dada. Siku alipoacha kutoka nje, hata tofali lilikuwa zito." Mke wa Mzee alikuwa nyuma yangu. Alimgeukia mama, "Hawa wote ni watu wa nani?" Mama akasema, "Ni wako, Mama." Mjane akakaa kwenye ubao, katikati ya mafundi, akaomba chai. Habari ya Tanzania hajaitaja tena. Jana alikuwa akimwagilia dodo.

Basi nimeshusha pumzi. Husemwa kwamba mjini kila mtu na lake, na kweli mageti yetu ni marefu. Lakini nadhani tunahesabu vibaya: tunahesabu ndugu na marafiki wakubwa, na wengine wote tunawaona si kitu. Mimi niliamini mtu akikosa rafiki wa kufa na kuzikana basi hana mtu. Kumbe kuzikana kwaweza kuanzia kwenye habari za asubuhi.