Nyumba Aliyoitaka Mama Barnaba

Mama Barnaba hakuwahi kuulizwa anataka nyumba ya namna gani mpaka nywele zilipoanza kuwa nyeupe kichwani. Aliyesababisha aulizwe ni mwanamke wa Kizungu ambaye hakuwahi kukutana naye, alimwona tu kwenye televisheni dukani kwa Kheri. Mimi ni jirani yake hapa Viwanja Sitini, Ifakara. Mengi ya haya alinisimulia mwenyewe, machache nikayaona kwa macho yangu.

Jina lake hasa ni Fausta, Mndamba wa upande wa Mngeta. Ujana wake wote aliumalizia Kidatu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa miwa, kwa sababu aliolewa na Lukelo, Mbena aliyeshuka kutoka Njombe kutafuta kazi. Kambini walipewa chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba vinavyofanana. Wakakigawa kwa pazia. Nyuma ya pazia walilala wao, mbele yake wakalala watoto. Mama mkwe alipoletwa kuuguzwa, pazia lilisogezwa, wakabaki na nafasi ya kitanda tu, na humo humo mama mkwe akafia. Ukikohoa, chumba cha pili wanakupa pole. Ukigombana na mumeo, asubuhi bombani wanawake wanakutazama kwa huruma.

Mwaka tisini na tisa Lukelo alistaafu, na chumba kilikuwa cha mwenye kazi. Wakaamua kuhamia Ifakara. Fausta alitaka kuwa karibu na ndugu zake na mpunga, na Lukelo alikuwa na kifua kibovu, akaona ni vizuri awe jirani na hospitali. Mafao yake yalitosha nyumba ya kawaida, siyo kiwanja na kujenga upya. Lakini alitaka kujua bei ya bati, isije ikawa watanunua nyumba inayovuja. Ndiyo maana siku ile waliingia dukani kwa Kheri.

Kheri anauza bati, misumari na saruji. Kabla ya kuja bara alikuwa karani bandarini, na Kiingereza chake ni kizuri. Mwaka ule alikuwa ameweka dishi kubwa juu ya paa, la kwanza mtaa ule, na televisheni ilikaa juu ya kabati nyuma ya kaunta. Wateja walikuwa wakisahau walichofuata.

Mama Barnaba akainua macho, akaona mwanamke na mwanamume Wazungu wanaingia kwenye nyumba ya watu. Wanafungua makabati. Wanachungulia chooni.

"Hao ni nani?" akauliza. "Wezi?"

Kheri akacheka. "Hapana, mama. Hao wanatafuta nyumba ya kununua. Huyo mwingine mwenye makaratasi anawatembeza, na televisheni inawafuata nyuma."

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Mwenye nyumba haonekani."

Lukelo akataka kujua bei. Kheri akajaribu kuzibadilisha zile fedha kuwa shilingi, midomo ikicheza, halafu akakata tamaa. "Mzee wangu, hapo unanunua mtaa huu wote na stendi ya basi juu yake."

Lukelo akapiga mluzi. Lakini mkewe hakuwa anasikiliza bei. Yule mwanamke wa Kizungu alikuwa amesimama katikati ya jiko, jiko ambalo lingemeza vyumba vinne vya kambini, amekunja uso anasema jambo.

"Anasemaje?"

"Anasema jiko zuri, lakini yeye anataka jua liingie asubuhi. Hili linapata jua la jioni."

Mama Barnaba akashika kaunta. "Anachagua jua?"

"Ndiyo, mama."

"Na mumewe anasemaje?"

"Mumewe kanyamaza. Anamsubiri."

Aliniambia kwamba mwili ulimsisimka kama mtu aliyeingia kanisani kwaya inaanza. Hakumwonea wivu yule mwanamke, wala hakumwona ana maringo. Alishangaa tu kwamba mtu anaweza kusimama wima mbele ya wanaume wawili akataja jua analolitaka, na wote wakasubiri amalize. Wakatembezwa nyumba nyingine, na nyingine. Kipindi kikaisha.

"Wamechukua ipi?" akauliza.

"Wamezikataa zote," Kheri akasema.

"Zote!"

Njiani Lukelo alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Watu wale wanachezea fedha, alisema; nyumba ni ukuta na bati, basi. Mkewe akawa anabaki nyuma hatua kadhaa.

"Una nini wewe?"

"Nawaza tu. Ningeulizwa mimi, ningesema nini?"

Lukelo si mtu wa maneno laini. Alitembea kidogo, akasimama kando ya barabara kama mtu aliyeingiwa na mchanga kiatuni, akasema bila kumtazama, "Haya. Nakuuliza."

Mama Barnaba alijaribu kusema jambo, machozi yakamlengalenga, akaona aibu maana watu walikuwa wanapita. Jibu lilikuja kesho yake, anachambua mboga kwa ndugu zake. "Baba Barnaba, nataka mlango. Chumba chenye mlango unaofungwa, na mtu asipite humo kwenda pengine." Lukelo akasema sawa. Aliniambia baadaye kwamba alitegemea mke ataje kitu kikubwa, na kwamba jibu lile lilimkosesha raha siku nzima.

Dalali wao alikuwa Wendelin, mtu mzima mwenye baiskeli na maneno mengi. Kwanza aliwapeleka kwenye nyumba mpya, ya matofali ya saruji, ina fremu ya duka mbele. Lukelo akaipenda pale pale. Alianza kusema atauza nini kwenye fremu ile. Lakini ili ufike chumba cha kulala ilibidi upite sebuleni, halafu upite chumba kingine ambacho hakikuwa hata na fremu ya mlango.

"Hapana," Mama Barnaba akasema.

Wendelin akadhani hakusikia vizuri. "Mama, nyumba kama hii haipatikani tena Ifakara."

"Basi asiikose mwingine."

Lukelo akamgeukia mkewe akamtazama sana. Kisha akamwambia Wendelin, "Umesikia alivyosema mama. Tuonyeshe nyingine."

Nyingine ilikuwa ya Bi Salha, mjane wa mwenye duka, mtu wa asili ya pwani aliyeishi hapa miaka mingi kuliko wengi wetu tuliozaliwa hapa. Watoto wake walikuwa Tanga, wanamtaka akazeekee kwao. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu umenyooka mpaka uani, na huku na huku vyumba, kila kimoja na mlango wake wa mninga.

"Shikamoo, bibi," Mama Barnaba alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Msimwache huyu dalali awaharakishe."

Hapo, tofauti na alivyoona kwa Kheri, mwenye nyumba alionekana sana. Bi Salha alitembea nao hatua kwa hatua akitaja nani alizaliwa chumba kipi, bati linavuja wapi, dirisha lipi ligumu kufungua. Wakafika kwenye chumba cha wanawe wa kiume. Kilikuwa kitupu, kimefagiliwa.

"Naruhusiwa kufunga mlango?" Mama Barnaba akauliza.

"Funga, mwanangu."

Akaingia peke yake, akafunga.

Aliponisimulia hapa alishusha sauti. Alisema hajawahi kusimama katika chumba kisicho na kitu wala mtu. Hakujua kwamba chumba kikiwa kitupu kina ukubwa ule. Aliguna kidogo, sauti ikamrudia kutoka kwenye kuta, akashtuka akafikiri kuna mwenzake. Akasikia pumzi yake mwenyewe inavyoingia na kutoka. Mwanga wa dirishani ulikuwa umelala sakafuni na vumbi linapanda ndani yake taratibu, na hakuna aliyekuwa anautaka mwanga ule ila yeye. "Mama Nazari," aliniambia, "niliogopa. Lakini ni woga ule wa kutotaka uishe."

Kule nje wanaume walisubiri. Wendelin akaanza kukohoa makusudi. Mwishowe Lukelo akagonga.

"Mama Barnaba?"

"Nipo."

Lukelo akaondoa mkono mlangoni. Tangu amwoe hakuwahi kumgongea mlango, kwa kuwa haukuwapo wa kugonga.

Alipotoka, Wendelin alitaka waende moja kwa moja kuzungumza bei. Bi Salha akamzuia. "Bado. Mwanangu, njoo uone jambo ambalo huyu bwana angependa usilione." Akamwomba Lukelo asogeze kabati la vyombo. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na mstari wa rangi ya chai, umebaki pale chokaa mpya isipofika, juu ya kizingiti cha dirisha.

"Maji ya El Nino," alisema. "Yalifika hapo. Mimi nilihamishiwa kwa watu wa juu kule. Nilipopewa ruhusa ya kurudi nilikuja na jembe, nikijua nakuja kufukua kifusi. Nikakuta nyumba imesimama, milango imefungwa kama nilivyoiacha. Nilipofungua huu wa mbele, kambale walikuwa wanatembea ukumbini kwenye tope."

"Kambale?" Mama Barnaba akasema.

"Wakubwa. Mtaa mzima ulikula."

Wendelin alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyefiwa. Lukelo akamshika mkewe kiwiko. "Twende. Nyumba ya maji hii."

Mke hakuondoka. Aliweka kiganja chake kwenye ule mstari, akautazama juu na chini, mpaka kwenye msingi. Nyumba ngapi alizipita njiani zilikuwa magofu tangu mvua zile! Ukuta ule ulikuwa wa baridi, mgumu, haujapasuka. Alisema alihisi kama amemgusa mnyama mkubwa aliyelala.

"Msingi wake ni nini, bibi?"

"Mawe. Marehemu aliyaleta kwa lori kutoka kule milimani, watu wakamcheka kwamba anajenga boma la Wajerumani."

"Na kwa nini umetuonyesha?" Lukelo akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. "Ungenyamaza tungenunua."

"Kwa sababu nitaulizwa," Bi Salha akajibu, akanyoosha kidole juu.

Mama Barnaba akamgeukia mumewe. "Baba Barnaba, ni hii."

"Na maji yakirudi?"

"Yakirudi tutatoka, na sisi tutarudi. Ndiyo hii."

Lukelo aliutazama ukuta, akamtazama mkewe ambaye bado hajatoa mkono pale. Mambo yote ya nyumba yao alikuwa ameyaamua yeye, tangu posho mpaka majina ya watoto. Akavua kofia, akaishika. "Bibi," akasema, "tuzungumze."

Mazungumzo yalichukua alasiri yote, na Wendelin alipona huzuni yake haraka sana. Tuliandikishana ofisi ya kata, nami nikawa shahidi upande wa Bi Salha.

Siku ya kuondoka, Bi Salha aliomba aingie kila chumba kwa mara ya mwisho. Mama Barnaba akafuatana naye. Kwa kila chumba yule mzee alishika mlango, akasema maneno chini chini, akaenda kingine. Mimi nilisimama barazani nikasikia nyumba nzima imetulia, hata kuku uani hawakulia. Kisha tukampeleka kwenye basi, akakaa dirishani, akavuta mtandio wake vizuri, hakugeuka nyuma.

Juma lililofuata nilikwenda kubisha hodi kwa wageni wetu.

"Karibu, Mama Nazari, karibu ndani," Mama Barnaba akasema. Alijifuta mikono, akanitangulia ukumbini polepole, akifungua mlango mmoja mmoja nione, hata chumba cha gunia za mpunga. Vingi vilikuwa vitupu bado, na hilo halikumsumbua. Katika chumba cha mwisho Lukelo alikuwa amelala chali na viatu miguuni, mdomo wazi, anakoroma. Mama Barnaba akavuta mlango bila kuugongesha. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa milima, basi tukachukua nyungo tukaenda uani kupepeta mchele kabla mvua haijafika.