Mteule Apanda Mashua

Kwa mujibu wa barua ya ofisi ya kijiji, yenye mhuri, mteule ni mtu aliyeaminiwa na umma kukagua zana za uvuvi, asiyemwogopa mtu wala kumtegemea yeyote katika kutimiza wajibu wake.

Mfaume wa Ndagoni, mfua nazi, aliisoma mara tatu. Neno lenyewe alizoea kulisikia msikitini, likihusu manabii, na redioni, likihusu wakuu wa wilaya. Yeye aliteuliwa kwa kuwa siku ya mkutano hakuwepo kukataa.

Kazi ilikuwa kisiwani Shungimbili, kwenye dago, kambi ya wavuvi wa kuja. Barua ilitoa mamlaka, chombo haikutoa. Ikabidi aombe kupakiwa na nahodha wa dago hilohilo, Abdulhamidu, aliyefika kijijini kuchota maji.

"Karibu, bwana mteule. Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Hao wa kidogo ndio wanaozama."

Mabaharia wakaangua kicheko. Mfaume naye akacheka, maana hata hicho kidogo hakukijua.

Kisiwani alikagua nyavu zilizoanikwa mchangani. Zote halali. Aliporudi chomboni upepo ukafunua turubai kule tezini, nyuma ya chombo, na chini yake akaliona juya, wavu uliopigwa marufuku, macho yake madogo hata dagaa hapenyi. Abdulhamidu akaona kwamba ameona. Safari hii hakucheka mtu.

"Hivi mteule maana yake nini, ndugu yangu?" nahodha akauliza taratibu, akilikalia turubai.

"Aliyechaguliwa... katika wengi."

"Na hao wengi leo wako wapi?"

Mfaume akatazama. Bahari pande nne, chombo kimoja, na nyumbani mkewe Time keshaambiwa ampikie. Akatoa fomu ya ukaguzi. Upepo ukaipeperusha, Abdulhamidu akamshikia ncha mbili, kwa adabu kabisa. Kwenye mstari wa zana haramu Mfaume akaandika: *Hakuna*. Herufi zilitoka kama za mtoto wa madrasa.

"Una hati nzuri," akasema nahodha.

Njia nzima Mfaume hakubandua macho kwenye mikono ya mabaharia. Walipofika Ndagoni maji yalikuwa ya magoti, kwa hiyo baharia mmoja akambeba mgongoni hadi nchi kavu, viatu visije vikalowa.