Mtumbwi wa Motaboti ya Baba

Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao za vyombo vya baharini, haipendwi na mtu. Shangazi yangu Zuwena alikuwa akiisikia tangu kona ya mtaa, akajifunika pua kwa mtandio na kusema, "Haya, huyo mdogo wangu anarudi." Mimi niliipenda. Mwaka ule iliingia dukani kwetu Kariakoo juu ya kanzu ya Baba, ikachanganyika na harufu ya samli, ya tende na ya magunia mapya, na kila nilipoivuta nilijua kwamba siku ya kwenda kumwona Mama inakaribia.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, baada ya vita vya Mjerumani, nami nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Siku hizo hakuna aliyetuandikia tarehe ya kuzaliwa. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, duka mbele na ua nyuma, na tulikaa watatu tu: Baba, dada yake mkubwa Shangazi Zuwena, na mimi. Mama alikuwa kwao Chole, kule Mafia. Baba alimpa talaka nikiwa mdogo, na nilipotimiza miaka saba nikachukuliwa kuja kwa Baba, kama ilivyokuwa desturi yetu, wala hakuna aliyeniuliza nataka nini. Sikuruhusiwa kucheza nje na watoto wa jirani, maana binti wa mwenye duka hachezi vumbini. Basi nikawa nashinda juu ya gunia la mchele nyuma ya mizani, nikitazama miguu ya watu wanaokwenda sokoni. Wengi niliwajua kwa miguu yao, na wao hawakunijua. Baba hakuwa mkali, ila hakupenda kelele, nami nikajifunza kukaa kimya mpaka wateja wakanisifu. "Mtoto huyu hata nzi akimtua hatikisiki," walisema, na Baba akatabasamu. Kwa tabasamu lile ningekaa juu ya gunia mpaka kesho yake. Nilikuwa mpweke sana, lakini nilidhani ndivyo watoto wa mjini walivyo.

Ndipo Baba akanunua motaboti. Ilikuwa mali ya Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akirudi kwao, nyeupe, yenye injini inayokohoa kama mzee wa pumu, na mtaa mzima ulikuja kumpongeza Baba. Alitaka kuchukulia nazi na mbata kutoka Mafia. Lakini siku ileile, kabla hata halua haijaisha sahanini, aliniita mbele ya Shangazi akasema, "Ramadhani ikiisha, mwezi wa Mfungo Mosi ukiandama, safari ya kwanza tutakwenda sote. Utamwona mama yako." Shangazi akamjibu kwamba ahadi ni deni, na kwamba yeye ni shahidi. Nilikwenda uani nikakaa nyuma ya mtungi wa maji, nikacheka peke yangu.

Tatizo lilikuwa moja. Motaboti ilikuwa na tumbo la kwenda chini, haikuweza kusogea ufukweni. Ilitia nanga mbali kidogo na mchanga, pale ambapo leo watu wanapaita Feri, na ilihitaji chombo kidogo cha kuwavusha watu mpaka kwenye ngazi yake, na cha kuwashusha tena Chole. Nyumba yetu ilizungumza habari za chombo hicho kwa wiki mbili, asubuhi na jioni. Ngarawa ilikataliwa mapema, kwa sababu mbawa zake zingegonga ubavu wa motaboti na kuchubua rangi ambayo Baba aliipenda kuliko kanzu zake. Vikabaki viwili: mtumbwi wa gogo moja, mwembamba, mwepesi wa kukokotwa nyuma bila kula petroli, na mashua ndogo ya mbao, pana kama sinia la pilau, nzito, yenye ubao wa kukalia huku na huku. Baba alitaka mtumbwi. Shangazi, mwanamke wa ratili nyingi na haya nyingi zaidi, alitaka mashua. Wanawake waliokosa chombo cha kuwafaa walibebwa mgongoni na mabaharia kuvushwa maji.

"Mimi sibebwi na mwanamume kama gunia la mbata," alisema Shangazi. "Leta mashua, Nasoro, nitakaa ndani yake na buibui langu kwa heshima. Ukileta mtumbwi, mimi simo."

"Mchagua nazi hupata koroma, dada," Baba alimtania. Lakini mimi sikucheka. Safari ilikuwa ya kulala njiani pamoja na mabaharia, na mtoto wa kike wa kwetu hakusafiri bila mwanamke mzima. Shangazi akibaki, nami nabaki.

Asubuhi ya kwenda kuchagua, Baba alisema atanichukua. Shangazi alinifunga mtandio mlangoni, akaninong'oneza, "Mwambie mashua. Akikusikia wewe atakubali." Tulikwenda kwa miguu mpaka pwani, na njia nzima Baba alinishika mkono. Sikumbuki kama alikuwa amewahi kunishika mkono kabla ya siku ile. Vyombo vyote viwili vilikuwa vya Fundi Makame, mzee mfupi mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, "Marahaba, mama." Kisha akamweleza Baba bila kumficha.

"Mtumbwi huu umechangamka mno, hautulii, Bwana Nasoro. Unamfaa mvuvi. Kwa watu wa nyumbani, chukua mashua."

Baba hakupenda kufundishwa. Aliinua pindo la kanzu, akaniinua na mimi, akaniweka katikati ya mtumbwi. "Kaa, mwanangu, tuone," akasema, naye akaingia nyuma yangu na kafi. Mtumbwi uliyumba huku, ukayumba kule. Niliogopa mpaka nikasikia uchungu mdomoni. Lakini Baba alikuwa akinitazama mimi tu. Hapakuwa na mteja wala mizani, na sikuwahi kuwa naye hivyo. Nikafanya jambo la pekee nililolijua vizuri. Nilibana magoti, nikazuia pumzi kila tulipoyumba, nikahamisha uzito kidogo kidogo kwa namna ambayo hata yeye hakuiona, na mtumbwi ukatulia pamoja nami. Tukaizunguka motaboti mara moja, tukarudi mchangani.

"Mashaallah! Umekaa kama nahodha," Baba alisema. "Waonaje, utatufaa?"

Neno la Shangazi nilikuwa nalo ulimini. Nilijua kabisa ni nini kinachongojea jibu langu. Lakini nilivyomwona Baba anavyofurahi, nikafikiri kwa akili ya kitoto kwamba kama mimi nimeweza, Shangazi naye ataweza. Nitamfundisha kuzuia pumzi. "Utafaa, Baba," nikasema. "Hautikisiki hata kidogo." Fundi Makame alinitazama kwa muda, akaenda kutafuta kamba ya kuufungia. Nyumbani Shangazi aliniuliza nilisema nini. Nikamwambia sikusema kitu, naye akaamini, kwa sababu ndivyo nilivyozoeleka.

Siku ya safari tulishuka pwani na mikeka, mito, na kapu la visheti nilivyomkaangia Mama kwa mikono yangu. Shangazi alivua viatu, akaweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Ukainama, ukanywa maji. Akautoa mguu. Akajaribu tena, na najua mara hiyo ya pili ilikuwa kwa ajili yangu, maana mwenyewe alikuwa amekwisha kata tamaa. Alianguka magoti majini, buibui lote likarowa, na mabaharia wakageuza nyuso zao kwa adabu.

"Basi," akasema. "Nasoro, basi."

Nililia kwa sauti mbele za watu, mimi ambaye hata homa niliugua kimya. "Baba, niende mimi! Mimi najua kukaa!"

"Najua unajua, mwanangu. Lakini haiwezekani. Safari ijayo, inshallah." Akachukua kapu la visheti, akaenda.

Alirudi siku ya tisa. Aliketi kula, akala matonge mawili, akanawa. Alisema Mama amenisalimu. Kisha, bila mimi kumuuliza, akaongeza huku akitazama mkeka, "Alikuja mpaka pwani. Tulipokaribia aliingia majini mpaka magotini, akachungulia ndani ya mtumbwi. Akachungulia tena, kana kwamba wewe umelala chini." Majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja nizeeke.

Safari ijayo haikuwako. Injini ilikufa kabla ya mwaka kwisha, motaboti ikauzwa, nami nikavunja ungo nikawekwa ndani. Mama nilimwona tena siku ya harusi yangu, miaka mingi baadaye. Alikuja kwa jahazi, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Tulikaa mkeka mmoja, kila mtu na adabu zake. Nikamwambia shikamoo, akaniambia marahaba, akaniuliza kama nakula vizuri. Habari ya mtumbwi sikumwambia. Nilishindwa nianzie wapi. Fungate ilipokwisha akarudi Chole, na mwaka uliofuata nikaletewa habari ya msiba.

Siku hizi watu huenda Mafia kwa ndege na kufika kabla chai haijapoa. Wanawake hupanda boti na mabegi yao na watoto wao, wala hakuna anayewauliza wamefuatana na nani. Nafurahi kwa ajili yao, na mara nyingine nakasirika, kwamba jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivi. Mimi sasa nakaa Ilala na binti yangu na mjukuu wangu wa miaka kumi na mitano, na hao wawili hawapitishi siku bila kugombana: nani ameacha sufuria bila kuisugua, nani ameongeza redio, nani amemjibu mwenzake vibaya. Majirani wananihurumia. Baada ya saa moja utawakuta wanakula sahani moja, na huku bado wanarushiana maneno. Mimi hukaa nikiwasikiliza, na sioni haya kusema kwamba nawaonea wivu. Mama yangu na mimi tuliheshimiana sana. Hatukupata siku za kutosha hata za kugombana.