Picha za Bi Chungulia

Mtaani walimwita Bi Chungulia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Asubuhi ungemkuta amechuchumaa penye kona ya ukuta, miwani imeteremka puani, anatazama kitu ambacho mpita njia hakioni hata akionyeshwa. Mara ni ute wa konokono uliokaukia juu ya jiwe, mara ni tope la mfereji lililopasuka kwa jua. Jirani yake mchonga funguo hakuisha kumtania.

"Shikamoo, Bi Chungulia! Umeangusha sindano tena?"

"Marahaba, baba. Nimeangusha macho. Nikiyaokota nitaingia ndani."

Kazi yake tangu ujana ilikuwa kushona mapazia. Picha zilimjia ukubwani, watoto walipokwisha kuondoka na chumba chao cha nyuma kikabaki kitupu. Alitandaza turubai juu ya meza ya kukatia vitambaa, akapaka gundi aliyoipika kwa unga wa ngano, akanyunyizia mchanga aliouchekecha, akabandika magome, nyuzi na karatasi zilizolowekwa kwenye majani ya chai. Kisha rangi, na mwisho sindano. Konokono mwenyewe hakumchora. Alichora njia aliyopita. Mti hakuuchora; alichora pale gome lilipobanduka.

Mumewe, fundi saa, aliigeuza picha ya kwanza juu chini, akaigeuza tena. "Sielewi hata chembe, mke wangu," alisema. "Ila siwezi kuacha kuitazama."

Kwake hiyo ilikuwa sifa tosha. Akaendelea, mwaka baada ya mwaka, hadi picha zikaegemea kuta zote za kile chumba.

Siku moja msimamizi wa ukumbi wa maonyesho alikuja kuagiza mapazia. Akaiona picha iliyotundikwa sebuleni, na habari za mapazia zikamtoka kichwani.

"Hii kaitengeneza nani?"

"Mimi."

"Zipo nyingine?"

Alipofunguliwa mlango wa nyuma alishika kiuno, kisha akazipitia moja moja. Alipoondoka alikuwa ameahidi kumpa ukumbi wote kwa picha zake, mvua zikiisha. Bi Chungulia alitamani kucheka na kulia, akaishia kuunguza mboga.

Mvua hazikuwa na haraka ya kuisha. Ukuta wa nyuma ulianza kutoa jasho, na asubuhi moja aliona kwenye picha kidoa cha kijivu, kidogo kama kichwa cha pini. Akakipangusa. Kesho yake vilikuwa vingi, na vilikuwa na manyoya. Kuvu ilikuwa imeinusa gundi ya unga.

Alijaribu siki, ikang'oa rangi, kuvu ikabaki. Jua lilipochungulia kidogo, yeye na mumewe walizitoa picha zote uani mbio mbio. Karatasi zikajikunja, mchanga ukapukutika, na kabla hawajapumua manyunyu yakaanza tena. Fundi saa akaleta feni. Ikapuliza lile vumbi la kuvu hadi kwenye picha zilizokuwa bado nzima.

"Izime," mkewe alisema. "Tunaichochea."

Wakamwita mwashi. Akaugonga ukuta kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Haya maji hayatoki juu, mama. Yanapanda kutoka chini. Ukuta wenyewe unakunywa."

"Sasa tufanye nini?"

"Msubiri kiangazi."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Zikaja siku ambazo hakuwa na la kufanya ila kuingia, kutazama na kutoka. Kibaya zaidi, jicho lake halikujua kununa: lilifuata vile vidoa vilivyojipanga pete juu ya pete, kijani ndani ya kijivu, na likavipenda. Siku moja mumewe alimkuta amevua miwani na kuifumbata mkononi.

"Sitaki kuona," alisema, "na bado naona."

Msimamizi aliporudi, alisimama mlangoni akiziba pua kwa mtandio. Alitazama muda mrefu, kisha akanyoosha kidole. "Ile pale, dada. Ile ndiyo bora kuliko zote."

Ilikuwa ile iliyoliwa zaidi.

"Ile si kazi yangu," alijibu Bi Chungulia. "Mimi nilikuwa nimechora mfereji."

"Basi nakwambia kweli, siwezi kuziingiza ukumbini. Zitaambukiza kazi za wengine."

"Najua."

"Hakuna hata moja iliyosalimika?"

"Ile ya sebuleni."

"Moja haijazi ukumbi." Msimamizi alitazama chini, na alipofika kwenye ngazi akauliza taratibu, kama anayeomba radhi, "Na mapazia? Utanishonea?"

"Nitakushonea."

Akayashona, tena kwa pindo safi. Siku ya kuyatundika alipanda ngazi ukumbini na kulabu mdomoni, huku chini yake vijana wakipanga picha za mtu mwingine, milima ya buluu ndani ya fremu za dhahabu. Mmoja akamwomba asogee kidogo, fremu ipite. Akasogea.

Kiangazi kilipofika mumewe alifungua kile chumba. Ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Turubai zilikuwa zimelegea, magome na nyuzi vimelala chini pamoja na mchanga. Fundi saa aliingia na ufagio, akatazama sakafu, akamtazama mkewe.

"Nifagie?"

Bi Chungulia aliketi kizingitini, mikono juu ya magoti. Miwani ikamteremka puani; macho yalikuwa yameanza kufuata njia za mchanga sakafuni. Mumewe akabaki amesimama na ufagio wake, anangoja.