Herufi za Bernadine Kubiak

Bernadine Kubiak hajawahi kurusha mpira maishani mwake, na ukimuuliza anaupenda mchezo huu wa futiboli ya Kimarekani kiasi gani atakwambia anapenda Jumanne, kwa sababu Jumanne wachezaji hawaji kazini na choo cha ghorofa ya pili kinabaki safi. Hata hivyo, kwa miaka ishirini na saba, timu yetu ya Wahunzi wa Toledo haijacheza mchoro hata mmoja, yaani mpango wa nani akimbilie wapi mpira ukitoka, ambao haukupita kwanza chini ya vidole vyake. Yeye ndiye anayechapa kadi.

Kadi yenyewe watu wengi huiona kwenye televisheni bila kujua ni nini. Kwotabeki, yule mrushaji anayeshika mpira kabla ya wenzake, ambaye tukishinda anapewa sifa zote na tukishindwa anapewa matusi yote, huvaa mkanda mpana mkono wa kushoto. Ndani ya mkanda mna kadi, na kwenye kadi mna michoro yote ya siku hiyo, kila mmoja na namba yake. Kocha husimama kando ya uwanja na karatasi yake kubwa kama orodha ya vyakula ya hotelini. Anatamka namba kwenye redio, sauti inaingia ndani ya helmeti ya kwotabeki, kwotabeki anatazama mkononi, anawasomea wenzake mchoro, wanacheza. Sekunde walizopewa kuanza mchezo zikiisha kabla hajasoma, refa anarusha kitambaa na timu inarudishwa nyuma yadi tano.

Bernadine huchapa vyote viwili, karatasi ya kocha na kadi ya kwotabeki. Huikata kadi kwa mkasi wake mwenyewe, ambao haruhusu mtu auguse, kisha huitia plastiki. Katika miaka yote hiyo hajakosea hata nukta. Hilo nalijua kwa sababu mimi ni fundi wa helmeti, chumba changu kinatazamana na ofisi yake, na mlango wake haufungwi.

Amefanya kazi chini ya makocha wakuu tisa. Wa kwanza alikuwa mzee mtafuna tumbaku aliyekuwa na michoro kumi na minne, na siku akiwa na furaha aliongeza wa kumi na tano. Tangu hapo kila anayekuja anakuja na kitabu kinene kuliko cha mwenzake, na Bernadine anakichapa chote.

"Orv," aliniita siku moja, "njoo uone. Yule mzee aliuita huu Kulia Moja. Aliyemfuata akauita Nyati. Sasa unaitwa Zulu Kioo Sumaku Teleza. Lakini jamaa bado anakimbia hatua kumi, anakata kulia."

"Labda anakata kitaalamu zaidi," nikamwambia.

"Nenda zako."

Huyo wa Zulu Kioo ni kocha wa tisa, Thad Brubaker, mwenye miaka arobaini na sita na fulana za kubana. Magazeti yalimwita jiniasi siku aliyofika. Ujiniasi wenyewe aliupata kwa kukaa miaka miwili katika ofisi iliyopakana na ya kocha mwingine aliyeitwa jiniasi. Katika ligi yetu kitu hicho huambukiza, na makocha wengi wamekipata kwa njia hiyo hiyo, kupitia ukutani.

Mwaka huo huo tukamchagua Colby Runnels, kijana wa Oklahoma, miaka ishirini na mbili, mrefu, mpole, mwenye mkono wa kurusha mpira mpaka mtaa wa pili. Kabla ya kumchukua walimpima kama ng'ombe wa maonyesho. Walipima urefu wa kiganja, wakamkimbiza amevaa chupi mbele ya wazee wenye saa, wakamuuliza kama angekuwa mnyama angekuwa nani. Walipomaliza wakamwandikia Mpango wa Kumkuza. Akapewa kocha wa miguu, kocha wa bega, kocha wa kupumua na daktari wa usingizi. Hakuna aliyemwambia asome kitu chochote kwa sauti.

Msimu ukaanza, tukafungwa. Brubaker akaongeza michoro. Tukafungwa tena, akaongeza tena, kwa maana jiniasi akishindwa huwa ameshindwa kwa sababu hatukumpa nafasi ya kuwa jiniasi vya kutosha. Mechi ya kwanza kadi ilikuwa na michoro tisini. Kufikia ya nane ilikuwa na mia mbili na kumi na miwili. Mkono wa Colby ulibaki ule ule. Kwa hiyo Bernadine, kwa amri, alishusha herufi kutoka saizi kumi hadi saba, saba hadi tano, tano hadi nne. Kadi ikaonekana kama mtu kaimwagia pilipili manga.

Uwanjani ikawa aibu. Colby anasikia namba, anainua mkono, anakodoa, anaugeuza kwenye mwanga, sekunde zinaisha, kitambaa kinaruka. Watu elfu sitini wanazomea. Watangazaji wakasema kijana anafikiri polepole. Timu ikaleta bingwa wa ubongo kutoka California, akamkalisha Colby mbele ya taa zinazowakawaka asubuhi tatu mfululizo, akaandika kwamba ubongo unahitaji muda. Mashabiki wakaanza kudai aingizwe Ostrander, kwotabeki wetu wa akiba mwenye miaka thelathini na minane na magoti ya kuazima. Brubaker naye akatangaza kikaoni kwamba Jumapili, tukifungwa na Louisville, Colby anakaa benchi. Halafu, kwa kuwa alishaanza kushuku kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe, akaongeza kwamba kadi ikikutwa na kosa, hata moja, aliyeichapa afungashe vitu vyake siku hiyo hiyo.

Bernadine alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Tangu mumewe Casimir afariki, ile meza ndiyo nyumba yake, na ile ya mtaani ni mahali pa kulala. Alisikia maneno hayo akiwa anaandika kumbukumbu za kikao, na akayaandika.

Ijumaa adhuhuri Colby alipita ofisini kwake, kama anavyopita kila Ijumaa, kuchukua kadi ya kukariri. Bernadine alimpa na sahani ya pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha. Nilikuwa mlangoni pangu na bisibisi, na masikio yangu hayana kazi nyingine.

"Bi Bernie," kijana akasema, "samahani. Hii hapa ni tatu au nane?"

"Ipi?"

"Hii. Au ni herufi?"

Bernadine akavaa miwani. Akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Ilikuwa kazi ya mikono yake na hakuweza kuisoma.

"Mwanangu, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, Bi Bernie? Yule wa kabla yangu alisema bega linamuuma. Yuko wapi?"

"Anauza magari Fort Wayne."

"Basi. Nikisema sioni, wataandika macho mabovu, nimekwisha. Nikinyamaza wanasema akili nzito. Angalau ya akili wameniletea daktari." Akacheka, lakini macho yalikuwa yamemwiva. "Hata hivyo imebaki Jumapili moja tu. Pierogi zako tamu."

Alipoondoka, Bernadine aliivua miwani, akaiweka mezani, akanigeukia.

"Wakati wote huo wanamzomea, Orv, walikuwa wanazomea herufi zangu."

"Ni amri ya Brubaker."

"Vidole ni vya nani?"

Akatoa kitabu cha Brubaker, akachonga penseli, akaanza kuchora mistari. Anajua michoro kuliko makocha wote tisa, kwa sababu wao kila mmoja anajua ya kwake na yeye ameichapa ya wote. Saa kumi kasoro aliniita.

"Hesabu."

Nikahesabu. "Ishirini na minne."

"Mia mbili na kumi na miwili ukiivua nguo, ni ishirini na minne. Iliyobaki ni majina tu, na mtu mmoja anahamahama kabla ya mpira kutoka, kujionyesha."

Nilimwelewa mara moja na nikaogopa. "Bernie, acha. Jamaa anatafuta mtu wa kumtupia lawama, wewe unampelekea shingo."

"Wewe kaza helmeti."

Kwenye karatasi ya Brubaker aliyaacha majina yote, yote mia mbili na kumi na mawili, na rangi zake nne. Alibadilisha namba tu. Michoro inayofanana aliipa namba moja, kwa hiyo jiniasi angeweza kuchagua Zulu Kioo Sumaku Teleza au Kondori Barafu Mbili na bado akatamka kumi na saba. Kwenye kadi mpya ya mkanda wa Colby akaweka ishirini na minne, kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa juu ya farasi.

Mwenye jukumu la kukagua na kutia saini ni kocha msaidizi Skip Lundgren. Skip aliuliza kama kurasa ziko sawa, akaambiwa ziko sawa, akasaini huku anakula. Alikuwa amesaini hivyo msimu mzima, na simlaumu sana, maana kuzisoma kusingewezekana.

Jumapili saa saba mchana theluji yenye maji ilikuwa inatoka ziwani na kutupiga usoni. Nilipotoka chumbani kwangu nilimkuta Bernadine ameweka boksi juu ya meza yake. Ndani mlikuwa na picha ya Casimir, kikombe, kibanio cha karatasi, na ule mkasi.

"Nimejipanga mapema," akasema, "nisije nikalia mbele yao nikitafuta mkasi." Akaja kusimama nami kando ya uwanja, na koti lake la kanisani.

Brubaker akatamka, "Kumi na saba!" Colby akatupia jicho mkononi, mara moja tu, kama mtu anayeangalia saa. Akawapigia wenzake kelele, mpira ukatoka, ukaruka yadi thelathini, ukadakwa. Watu elfu sitini wakainuka vitini. "Nne!" Akatazama, wakacheza. "Kumi na moja!" Kufika mapumziko tulikuwa tunaongoza, na kitambaa cha refa kilikuwa hakijatoka mfukoni kwa ajili yetu. Bernadine alikuwa amenishika mkono wa koti, na kwa siku nne baadaye nilikuwa na alama za kucha.

Kipindi cha tatu Brubaker akaikunjia uso karatasi yake.

"Skip, mbona leo namba zote ni ndogo?"

Skip akaitazama karatasi. Akaiona saini yake chini. "Ni mfumo, kocha."

"Aa," akasema Brubaker. "Mfumo."

Tukashinda thelathini na moja kwa kumi na tatu. Colby walimbeba mabegani. Brubaker alikwenda mbele ya kamera na nywele zimelowa vizuri, akasema: "Wiki nzima nilikaa na kitabu changu nikapunguza. Kocha mkubwa ni yule anayejua cha kuondoa." Waandishi wakaandika. Mmoja aliuliza wazo lilimjia vipi, akasema lilimjia akiwa anaoga.

Jumatatu asubuhi Brubaker alikaa kuangalia video ya mchezo, na hapo ndipo akaona mchoro mmoja ukirudi mara tisa kwa majina tisa. Akamwita Bernadine. Bernadine akanyanyua boksi lake, mimi nikanyanyua helmeti isiyo na kasoro yoyote nikamfuata, nikasimama mlangoni nikiikagua.

"Nani alikuruhusu kubadilisha namba zangu?"

"Wewe, kocha."

"Mimi?"

"Jana, kwenye televisheni. Ulisema umekaa wiki nzima unapunguza."

Brubaker akapiga hesabu. Kama angemfukuza, angelazimika kueleza kwa nini, na maelezo yenyewe yangeanzia bafuni kwake. Lakini mtu wa fulana ya kubana hakubali kirahisi. Akatoa kwenye mtoto wa meza ile kadi ya wiki ya nyuma, ya michoro mia mbili na kumi na miwili.

"Kadi yangu ni hii! Hivi ndivyo inavyotakiwa! Tazama, mia moja thelathini na saba, imeandikwa..."

Akaileta karibu na pua. Akaipeleka mbali, mkono wote. Akasogea dirishani.

"Imeandikwa nini, kocha?" Bernadine akamuuliza, na hakuuliza kwa dharau, aliuliza kama nesi.

Brubaker akakodoa. Aliishika ile kadi dirishani muda mrefu kuliko Colby alivyowahi kuishika, na hakukuwa na mtu wa kumzomea. Kisha akairudisha mezani taratibu, ikiwa imelala kifudifudi.

"Jumapili tunacheza na Omaha," akasema akiangalia nje. "Weka hiyo hiyo ishirini na minne." Bernadine alikuwa ameshageuka na boksi lake alipoongeza, kwa sauti ya chini, "Na kwenye karatasi yangu mimi, herufi uziongeze ukubwa kidogo."

"Nimeshaziongeza mara tatu msimu huu, kocha," Bernadine akasema. "Kila ulipokuja kuniomba."

Akatoka na boksi lake, akarudi mezani, akatoa mkasi.